Asiyebeba Kitu cha Wote

Jirani yangu Venanti alikuwa mtu wa kufunga mzigo mapema. Safari ya Kibondo ikiwa Jumatano, Jumatatu jioni baiskeli imeshaegemezwa ukutani, madumu matatu ya mawese yako chini, na mfuko wake uko mlangoni: koti la mvua, shati la kubadili, viazi vya kuchemsha, mipira ya kufungia mzigo, na pampu. Tangu mkewe Esteri afariki hakuwa na mtu wa kumkumbusha kitu, kwa hiyo aliniuliza mimi, ng'ambo ya ua.

"Mwalimu, chumvi nimeweka?"

"Umeweka," nilijibu, hata kama sikuona.

Yeye na wachuuzi wenzake wa baiskeli walikuwa sita, wote wa hapa Kasulu, wakipeleka mawese na kurudi na maharage. Walikwenda pamoja kwa kuogopa majambazi wa msituni, na walikuwa na desturi yao: hakuna aliyebeba vifaa vyote. Huyu gundi ya viraka, yule spana, mwingine tyubu ya akiba, mwingine sufuria. Ukimwacha nyuma mwenye spana, umeiacha spana. Kwa hiyo walisubiriana juu ya kila mlima. Venanti alikuwa amebeba pampu yao kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka 2013 goti lake la kulia lilianza kuvimba. Jumanne moja wakakutana uani petu kugawana vifaa. Nilikuwa kibarazani nikisahihisha madaftari.

"Pampu safari hii abebe Irakoze," alisema Hilali, kiongozi wao.

"Irakoze ana sufuria," alisema Venanti.

"Abebe vyote. Mapaja yote yale ni ya nini?"

Wakacheka. Irakoze akajipiga paja.

"Na mimi?"

"Wewe, mzee wangu, njoo mwepesi tu. Hilo goti tunaliona."

"Pampu haikai gotini, Hilali. Inakaa kwenye keria."

"Muzehe, mzee wetu, tunakuonea huruma," alisema taratibu Nsengimana, mwenye gundi.

"Basi nionee huruma unipe gundi."

"Gundi! Leo gundi, kesho utaniomba mke!"

Wakacheka tena, na Venanti akacheka pamoja nao. Kisha akaenda mlangoni, akaitoa pampu mfukoni, akaifuta vumbi kwa upindo wa shati lake, akamkabidhi Irakoze.

Walipoondoka alibaki amesimama uani.

"Wamenifukuza, mwalimu, bila kunifukuza."

"Usiende basi."

"Nisipokwenda kesho, ndiyo nimeacha."

Akaenda. Mengine alinisimulia mwenyewe, kwa vipande, mwezi mzima. Kwenye mlima mrefu baada ya Makere alishuka akasukuma baiskeli, kama alivyofanya safari iliyotangulia. Migongo ya wenzake ikapotea kwenye kona. Alipofika juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na maganda ya ndizi tu, mabichi bado.

Nyakitonto aliingia usiku, katika nyumba waliyozoea kulala. Uwimana, mwenye nyumba, alimwambia wenzake wamekula wakasonga mbele, wakalale huko mbele. Akamtandikia mkeka mmoja.

Kibondo alifika kesho yake, soko likiwa karibu kufungwa.

"Huyo! Si niliwaambia atafika?" Hilali alipiga kelele, na wote wakasogeza madumu yao kumpa nafasi. Venanti anasema walifurahi kweli kumwona, na mimi namwamini. Aliwashukuru, akasukuma baiskeli yake hadi upande wa pili wa soko, akapanga madumu yake huko.

Nilimuuliza kama aliwakasirikia.

"Hawakukosea, mwalimu. Nani anamsubiri mtu asiye na kitu chao?"

Siku hizi anakwenda peke yake. Madumu ni mawili, maana goti halikubali zaidi, na safari ni ya siku tatu. Mfuko ndio umenenepa: pampu nyingine aliyonunua, gundi, spana, tyubu, sufuria ndogo. Bado ananiuliza kuhusu chumvi. Msitu tu ndio hajaweza kuupita akiwa peke yake. Anapofika ukingoni anaegemeza baiskeli na kukaa kando ya barabara mpaka apite mtu yeyote anayeelekea huko, hata mama mwenye mzigo wa kuni, ndipo aingie naye. Kuna siku, anasema, husubiri mpaka saa sita mchana.