Diski Ndogo, Skrini Kubwa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi moja kuelekea mwisho wa miaka ya tisini, nilibonyeza kitufe na kanda ya baba ikaanza kuzunguka. Tulikuwa kwangu, mtaa wa Landless, Thika. Mama tulimketisha mbele kabisa.

Kanda ilikuwa ya ruracio, siku tulipopokea mahari ya dada yetu kitinda mimba. Mwishoni baba alimbariki, na kabla ya mwaka kwisha akafariki. Hatukuwa na kanda nyingine yenye baba, na mama alitaka aweze kuiona baraka ile hadi mwisho wa maisha yake. Lakini ilikuwa imekaa chini ya mabati yanayovuja, ikaota kuvu. Fundi wa video aliisafisha alivyoweza, kisha akanionya: "Usiirushe mbele, usiirudishe nyuma. Icheze mara moja, uinase kwenye kompyuta. Mara ya pili sikuahidi kitu."

Ndiyo sababu tulinunua kompyuta. Mambo hayo niliyasoma katika magazeti makuukuu yaliyouzwa kando ya barabara, na hesabu yangu ilikuwa wazi. Prosesa ya wastani ingetosha, skrini yoyote ingefaa. Kitu cha kutokubania ni diski, kwa maana video hujaza diski upesi kuliko kitu kingine chochote. Nilitaka diski ya kubeba kanda nzima.

Pesa zilikuwa za familia, basi na uamuzi ukawa wa familia. Tulikutana Ruiru kwa shemeji yangu, muuza mabati na mweka hazina wa kila mchango wetu.

"Hiyo diski inakaa wapi?" aliuliza.

"Ndani ya sanduku."

"Haionekani?"

"Haionekani."

"Profesa, unataka nichukue pesa za watu kisha niwaonyeshe sanduku limefungwa? Wakiuliza zilienda wapi, nitoe bisibisi?"

Wajomba walicheka. Dada yangu mkubwa, mkewe, akaongeza, "Mtu akichanga ng'ombe anataka kuona nundu."

"Hata maini ya ng'ombe hayaonekani," nikasema, "na bila maini hasimami."

"Basi nunua mwenye maini madogo," akajibu shemeji, na kikao kikaishia hapo. Tukachukua skrini kubwa, na diski nusu ya ile niliyoitaka.

Nilikubali kwa kuwa nilikuwa na njia: ningeiacha kanda icheze bila kunasa kitu, hadi baba asimame. Siku yenyewe shemeji akanishika bega. Wajomba waliochanga walikuwa kwenye kanda, wamekaa mezani na wageni. "Waonekane kidogo," alininong'oneza. Nilianza kunasa. Mjomba mmoja alipomaliza kusema, mwingine alisimama, na wenyewe walikuwa wameketi nyuma yangu wakijitazama. Sikuweza kumkatiza mtu mzima mbele ya mama.

Baba alisimama wakati nafasi imebaki kidogo. Akasalimia, akatania wageni kuhusu mbuzi waliokonda, akaeleza alivyomposa mama. Kisha akainua pembe ya muratina, ile pombe yetu ya asali, apige funda ammiminie bintiye matone kifuani, ndiyo baraka yenyewe. Hapo diski ikajaa.

Picha iliendelea kupita kwenye skrini, kubwa na safi. Ni mimi tu niliyejua kwamba haikuwa ikinaswa. Mama aliinama mbele hadi kanda ilipokwisha.

"Rudisha hapo alipombariki," akasema.

Nilimweleza. Akasema, "Jaribu."

Kanda ilirudi nyuma kidogo, ikakwaruza, ikakatika ndani ya mashine.

"Nimemwona," mama alisema. "Skrini yenu ni nzuri." Shemeji alichukua kofia yake akatoka nje.

Kila mtoto alipata nakala yake. Katika zote baba ameinua pembe hadi chini ya kidevu, na hapo anaishia. Tofauti ya bei kati ya diski ile na ile niliyoitaka ilikuwa shilingi elfu saba na mia mbili.