Mdomo wa Pili

Kabla kiharusi hakijampata, dada yake Mchapaji alikuwa mnadi wa nguo sokoni, na watu walimwita Kipaza kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Alisimama juu ya meza, shati mkononi, akalisifia mpaka mtu aliyekuja kununua vitunguu akajikuta anaondoka na suruali mbili. Nyumbani nako hakupumzika. Aliamuru, alitania, aligombana hata na redio. Mdogo wake, aliyechapa kadi na vitabu vya risiti katika kiwanda kidogo nyuma ya stendi, alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Jamaa zao walisema mama yao aligawa ulimi mmoja kwa watoto wawili, na mkubwa akauchukua wote.

Asubuhi moja Kipaza aliinama kuchukua ndoo na hakuinuka. Alipotoka hospitali baada ya wiki tano, mkono wa kulia ulikuwa umelala, na mdomoni hakikutoka kitu ila "ta, ta, ta". Akili ilikuwa timamu kabisa. Hilo ndilo lililomuuma Mchapaji. Alimwona dada yake mle ndani ya yale macho, mzima, amefungiwa.

Alianza na alichokijua. Alichapa kadi arobaini zenye picha: maji, mto, dawa, choo, baridi. Kipaza alizivumilia siku mbili. Siku ya tatu alizifagia zote chini kwa mkono wake mzima, kwa sababu alikuwa anatafuta kadi ya kumwambia mtu anyamaze na haikuwepo.

Kiwandani kulikuwa na kompyuta ya kupangia kurasa. Saa za chakula, wenzake wakitoka, Mchapaji alibaki pale na masomo ya bure ya kutengeneza programu za simu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Vijana wa duka la jirani walimcheka, kisha wakaanza kumsaidia, kisha yeye ndiye akawa anawasaidia wao. Ilimchukua mwaka na miezi miwili. Ukifungua programu yake, picha na maneno yalijipanga kwenye kioo. Ukigusa, simu inasema.

Sauti aliitoa kwa mpwa wake, binti pekee wa Kipaza, aliyerithi koo la mama yake. Walijifungia katika chumba cha nguo ili mwangwi usiingie, wakarekodi semi mia tisa, na mpwa alikataa katakata kusema kama mtangazaji wa taarifa. Hakurekodi "Naomba maji." Alirekodi "Leteni maji, au mnasubiri mvua?"

Siku ya kwanza Kipaza aliishika simu, akapitisha kidole juu ya kioo kwa muda mrefu bila kugusa chochote. Halafu akamgeukia binti yake na kugusa. Simu ikasema, "Nani kakutuma uninyoe nywele hivi?" Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mchapaji alitoka nje, akajifanya anaangalia bomba.

Programu akaipa jina la Mdomo wa Pili, na kama ingebaki ya nyumba ile moja, pengine hadithi ingeishia hapo. Lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimnyoosha Kipaza aliiona, akamwomba aiweke mahali wagonjwa wengine wangeipata. Palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: duka la programu lililokuja limo ndani ya simu, mali ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Mchapaji alijiandikisha, akaipandisha. Mwaka haukuisha, familia mia tatu na zaidi zilikuwa zikiitumia. Kila familia ilirekodi sauti ya mtu wao, kaka kwa kaka, mjukuu kwa babu, na sauti zile zilitunzwa kwenye mtambo wa mtandaoni aliokuwa akiulipia. Kwa ajili hiyo watu walichangia kidogo kila mwezi, bei ya vipande viwili vya sabuni, wakitumia pesa ya simu kama walivyolipia umeme na ada za shule.

Barua pepe ya kampuni ilikuja asubuhi ya siku ya kazi. Alimwita mpwa wake aisome naye kwa sababu hakuamini macho yake. Ilisema kwamba chochote kinachouzwa ndani ya programu lazima kilipiwe kwa njia ya malipo ya duka lenyewe, na duka lingechukua thelathini katika kila mia. Alipewa siku kumi na nne.

Thelathini hazikumtisha sana. Angejibana. Kilichomkwamisha ni kwamba njia ile ilitaka kadi ya benki ya aina fulani, na katika familia zile mia tatu, waliokuwa nayo hawakuzidi ishirini. Aliandika kueleza hivyo, kwa adabu, sentensi fupi fupi. Jibu lilirudi kabla chai yake haijapoa, likamshukuru kwa kuwa mshirika wa thamani na kumrudishia kanuni ileile.

Basi akatii. Aliondoa pesa ya simu, akaweka njia yao. Wiki hiyohiyo simu zilianza kumiminika. Mwanamke mmoja alikuwa amekwenda benki tatu na mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Mwingine alidhani amekosa kitu, akaomba radhi. Mchapaji hakuweza kuwajibu wote, akaongeza mstari mmoja chini ya ukurasa wa malipo: "Ukishindwa kulipa hapa, tupigie simu tukusaidie." Na namba yake ya kiwandani.

Mstari ule ndio uliomponza. Kanuni zilikataza kumwelekeza mteja nje ya duka. Siku nne baadaye Mdomo wa Pili haukuwemo dukani, na akaunti yake ilikuwa imefungwa moja kwa moja.

Mtu angeuliza kwa nini asiitoe bure. Aliuliza hivyo hivyo mwenyewe, akaandika kwamba yuko tayari kuitoa bure, mtambo ataulipia kwa mshahara wake. Wakamjibu kwamba akaunti iliyofungwa haijadiliwi. Mpwa akafungua akaunti kwa jina lake mwenyewe. Ilidumu siku mbili, ikafungwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na akaunti iliyofungwa. Mchapaji akaenda kuulizia aina ya pili ya simu, zile za bei kubwa. Kule walitaka ada kila mwaka, na kompyuta ya kampuni yao ambayo bei yake ilikuwa mishahara yake ya miezi saba, na kanuni ya malipo ilikuwa pacha wa ile ya kwanza. Kampuni mbili zilizokuwa zikikabana koo kwenye matangazo, kwenye jambo hili zilikuwa zinaimba wimbo mmoja.

Aliomba ruhusa kazini, akavaa shati lake la kola, akaenda ofisi ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara. Ofisa aliyempokea hakuwa mtu wa dharau. Alimkalisha, akasoma barua zote, moja baada ya nyingine, akavua miwani.

"Mzee wangu, umeonewa," alisema. "Sina la kukuficha."

Mchapaji alisogeza kiti mbele.

"Lakini hawa hawana ofisi hapa kwetu. Hawana hata sanduku la posta. Nikiandika wito, nimpelekee nani?"

"Nimesikia kuna nchi wameshtakiwa, wakashindwa."

"Ni kweli. Na kule wamebadilisha kanuni, kwa watu wa kule tu." Ofisa alikusanya barua, akazipanga vizuri, akamrudishia. "Acha nakala. Sheria yetu mpya iko mezani. Ikipita, nitakutafuta."

Alipouliza itapita lini, ofisa alitazama dirishani, akasema yeye mwenyewe anastaafu mwaka ujao.

Ikabaki njia ya mlango wa nyuma, kumtumia mtu faili aiweke kwenye simu bila kupitia duka. Lakini simu iliweka onyo jekundu kwamba programu hii inaweza kudhuru kifaa chako, na watu waliogopa. Mtaalamu wa mazoezi aliambiwa na wakuu wake aache kuipendekeza. Kisha simu zikaanza kujisasisha zenyewe, na Mdomo wa Pili wa zamani ukawa unafunguka kwenye kioo cheupe tu. Mchapaji aliirekebisha kwa siku moja. Kazi ilikuwa ndogo. Kuifikisha kwa watu ndiko kulikoshindikana.

Alianza kupita nyumba kwa nyumba na waya wake kwenye mfuko wa plastiki. Kila siku ya mapumziko alifika nyumba tatu au nne, zile alizoweza kufika kwa miguu au kwa basi moja. Alikaribishwa kama daktari. Alichomeka, akasubiri, sauti ikarudi, watu wakamshika mikono. Siku tano hazipiti, ulinzi wa simu unaikagua programu, unaiona haikutoka dukani, unaifuta. Ujumbe ulisema imeondolewa kwa usalama wako.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye kaka yake marehemu ndiye aliyemrekodia. Mchapaji alimwendea mara tatu. Mara ya nne mke wa mwalimu alimpokea mlangoni, akamwambia asihangaike tena kuchomeka.

"Fundi, kila ukiirudisha anafurahi," alisema. "Halafu inafutika, nakaa naye siku tatu hataki kula. Bora tuzoee."

Mchapaji alimuuliza kama walau wangependa faili za sauti ya yule kaka, wazisikilize. Mke akasema ampe mtoto wao, si wao. Akamkabidhi ndizi kwenye mfuko kwa ajili ya safari, naye akazipokea.

Dukani palikuwepo programu nyingine ya kusemea, ya kampuni ya mbali, nayo ilikubali kadi ya benki. Waliokuwa na watoto ughaibuni walilipiwa. Mpwa wake aliijaribu kwa mama yake, kwa jaribio la bure la wiki moja. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mpole asiyemjua mtu yeyote, na ilitamka "shikamoo" kama jina la dawa ya minyoo. Kipaza aliisikiliza, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

Kwa dada yake, Mchapaji aliendelea kuchomeka waya kila baada ya siku tano, kwa kuwa waliishi nyumba zinazotazamana. Halafu sasisho jingine likaingia. Simu ikaanza kukataa kabisa programu ya mtu ambaye kampuni haimtambui, na waya haukusaidia tena. Alijaribu jioni tatu mfululizo huku dada yake amekaa pembeni anamtazama. Mara ya mwisho alimwambia, bila kuinua kichwa, kwamba kesho atajaribu njia nyingine. Hakuwa na njia nyingine. Kipaza alimwekea mkono begani, akasema, "Ta."

Mwezi uliofuata shemeji zao walikuja kumjulia hali. Sebule ilijaa, vikombe vikapungua, mpwa akaazima vingine kwa jirani. Walimsalimia Kipaza kwa sauti kubwa na polepole, kama kiziwi, kisha wakageukiana, wakazungumza juu ya mvua, ada, na kiwanja kilichouzwa. Shemeji mkubwa akaanza kusimulia siku Kipaza alipomuuzia polisi koti la huyohuyo polisi lililokuwa limeibwa. Aliisimulia vibaya. Alikosea soko, akakosea rangi ya koti, na mwisho wake akauharibu kabisa, na watu wakacheka kwa heshima.

Kipaza alikuwa amekaa mbele kwenye ukingo wa kiti. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Alimtazama binti yake, akamtazama mdogo wake, na mkono mzima ukainuka kutoka pajani, ukabaki hewani.

"Anataka maji," shemeji akasema.

Mchapaji alijua kwamba si maji. Alifungua kinywa amrekebishe shemeji, aisimulie hadithi ile kama ilivyotakiwa, lakini maneno hayakuwahi kuwa yake. Mtu akaleta maji. Kipaza akayapokea, akanywa kidogo, akakirudisha kikombe mezani, akaegemea kiti nyuma.