Miguu Mitatu ya Kigoda cha Babu

Jikoni kwetu Manga tulikuwa watatu: mimi, dada yangu Kemunto, na Moraa, binti wa shangazi. Nilikalia kigoda cha babu, walichokatazwa wasichana, kikachomoka kwenye vishimo vitatu ambavyo miguu yake ilikuwa imechimba katika sakafu iliyosiribwa samadi mbichi. Nilidhani kila mguu una kishimo chake, na babu angejua nimekikalia.

“Leo utachapwa!” Moraa akacheka.

Kemunto akakizungusha hadi kila mguu ukafikia kishimo cha jirani, kikaingia. Akakizungusha tena, kikaingia. Mara ya tatu kikarudi kilivyoanza. “Acha kulia, wewe. Miguu haina majina.”

Babu akaja, akakaa, akaitisha uji.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha katika kitabu cha hisabati pembetatu ikizungushwa vivyo hivyo. Mizunguko hiyo pamoja huitwa kundi, alisema. Ndilo hufundisha kipi hakibadiliki vitu vikigeuzwa. Kama aliyekizungusha kigoda siku ile alikuwa Moraa, si Kemunto, mnisahihishe mnaokumbuka. Ila sikuchapwa, hilo nalijua.