Jirani Aliyeuliza Habari za Aliyepotea

Jumamosi tulimzika mama muuza mitumba wa soko la Gikomba aliyekuwa jirani yangu mtaani Kaloleni, na pale kaburini nikasikia habari zake nyingi mpya. Msemaji mmoja alimwita mpigania amani. Mwingine akasema alisimama kidete dhidi ya vita. Marehemu, wasomaji wangu, hakuwahi kusimama dhidi ya chochote isipokuwa mteja anayetaka koti kwa bei ya soksi, na lau angesikia sifa zile angecheka mpaka leso imfunguke.

Lakini ni kweli vita vilimfikia mara moja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, Uganda inawaka, na wakimbizi wameanza kuingia mitaani mwetu. Kaloleni haikukaa bure. Tulikutana ukumbini, tukalaani umwagaji damu kwa kauli moja, kisha tukaunda kamati. Tulipata mwenyekiti, naibu wake, mweka hazina asiye na hazina, na mimi, kwa kuwa nilikuwa karani, nikawa katibu. Mkutano wa pili tulibishana kama waliokuja waitwe wakimbizi au wageni. Wa tatu ulikuwa wa mhuri. Vita vyenyewe, kwa kukosa adabu, vilikwisha kabla mhuri haujachongwa.

Wakati huo wote chumba cha marehemu kilikuwa na mgeni tayari: mama kijana kutoka Uganda, na mtoto mchanga mgongoni. Kiswahili chake alikiokota kwa askari wa vizuizini, basi alikisema kidogo na kwa woga. Hakula. Chai ilipoa mbele yake, ugali ukakauka, maziwa yakaanza kumkauka kifuani, na kichanga kikawa hakina nguvu hata ya kulia. Nilikuwapo jioni ambayo marehemu alimuuliza baba mtoto yuko wapi.

"Alipotea," akajibu.

Sasa nyinyi mnajua neno hilo lilivyo kwetu. Ukikosa kuonekana wiki moja unaambiwa umepotea, nawe unacheka. Marehemu akacheka. "Usijali, mama! Hata wangu hupotea kila mwisho wa mwezi. Njaa ikimshika utamwona mlangoni."

Mgeni akamtazama. "Wangu walimtia kwa gari. Askari."

Sijaona mtu akiaibika vile. Marehemu alijiziba mdomo kwa leso, na mimi katibu nikatazama dari. Nusura niseme kwamba kamati inalishughulikia. Kisha yeye akasogeza kigoda, akauliza jambo ambalo halikuwamo katika ajenda zetu zote. "Pole, mwanangu. Sasa huyo bwana yako alikuwa anapenda kula nini?"

"Ndizi," mgeni akasema, "na mchuzi wa njugu." Halafu akaongeza kwamba mchuzi aliupenda ukiwa umeungua kidogo.

Kesho yake ndizi zikapikwa, mchuzi ukaunguzwa makusudi, majirani wakaitwa. Mwenyekiti wetu alikuja kuonya kwamba hatuwezi kufanya matanga bila maiti. Huenda mtu yuko hai.

"Nani amesema matanga?" marehemu akamkatiza. "Keti, mzee, ule. Tunaambiwa habari za mtu."

Mgeni akasimulia, akalia, akala. Jioni nyingi zilipita hivyo, mpaka kichanga kikapata sauti ya kuukera mtaa mzima, nasi tukashukuru.

Tangu hapo nimesikia hotuba nyingi kuhusu vita, na baadhi niliziandika mimi. Karibu zote huhesabu waliokufa. Mtu wa kawaida hawezi kuzuia kifaru, wala asijidanganye kwamba mhuri utakizuia. Analoweza ni kumuuliza aliyenusurika: wako alikuwa mtu wa namna gani? Kisha akae asikie jibu lote. Mume yule hakurudi, na sijawahi kuona hata picha yake. Lakini sisi wa Kaloleni tunajua kwamba aliimba kanisani kwa sauti mbovu, kwamba aliogopa paka, na kwamba siku mtoto wake alipozaliwa alikimbia kuwaambia majirani akiwa na kiatu kimoja mguuni. Waliomtia garini hawakujua hata moja la hayo.