Msitu Chini ya Shamba la Patrisi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ukungu wetu huu wa Ufipa unaokalia mashamba mpaka jua limechoka kuusubiri. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nina mtoto mgongoni, nikasikia majembe upande wa shamba la shangazi yangu Yustina. Nikadhani amepata watu wa kumsaidia. Kumbe walikuwa wanabomoa.

Ngoja nikueleze walibomoa nini, maana ninyi wa siku hizi mnalijua shamba kwa kuliona kupitia dirisha la basi. Wafipa tangu zamani, mvua zikielekea ukingoni, tunakata nyasi na kuzifukia ndani ya vilima vya udongo, intumba, zioze humo ziwe mbolea. Wengi walikuwa wameacha. Mbolea ya mifuko ilikuwa ya bei nafuu, serikali inasaidia, nani avunje mgongo? Halafu biashara ikawa huria. Malori ya wanunuzi yakajaa Laela kutafuta mahindi, kila mtu akataka kulima zaidi, na bei ya mbolea nayo ikapaa. Mahindi ya watu yakawa njano. Ya shangazi, mjane asiyeacha intumba zake, yakasimama ya kijani kibichi. Hapo wenye macho wakaanza kuwa na midomo.

Jirani yake, Patrisi, alikuwa anafungua shamba jipya kwenye korongo, kule mlima unakoanza kuteremka kuelekea Muze. Jembe likagonga mawe meusi ya tabaka tabaka. Moja likapasuka, na ndani yake kulikuwa na jani. Usidhani ni mchoro, mwanangu. Lilikuwa jani lenye mshipa wake wa kati na mishipa midogo yote, refu mfano wa ulimi wa ng'ombe. Akapasua jingine, akakuta jani tena. Akakimbia kijijini na jiwe mkononi.

Sasa fikiri kama mkulima wa kwetu. Nani hufukia majani ardhini? Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na jibu: ni dawa ya Yustina, ndiyo inayovuta mavuno ya wenzake, imekaa ardhini mpaka imegeuka mawe. "Kikulacho ki nguoni mwako," wakaambiana, na asubuhi wakaingia shambani kwake kuitafuta.

Walikuta nyasi zilizooza na minyoo. Unafikiri walitulia? Walisema ameificha vizuri. Wakamleta mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wakataka aondoke siku ileile. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimesikia habari za wanaofukuzwa namna ile, wengine hawafiki waendako.

Shangazi akaomba aone jiwe. Aliligeuza taratibu, akalinusa, akapitisha kidole juu ya mshipa.

"Ua lake liko wapi?" akauliza. "Au tunda? Mti huu mimi siujui."

Jiwe likapita kwa wazee, mkono kwa mkono. Wale watu walijua kila gome na kila mzizi wa Ufipa nzima, na hakuna aliyeutaja mti ule. Nikaona mmoja anafuta viganja kwenye koti lake. Baridi niliyoihisi haikuwa ya ukungu.

"Patrisi, mwanangu," akasema shangazi, "tupeleke ulikochimba. Utachagua jiwe wewe, na utalivunja wewe."

Tukateremka korongoni. Hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia. Patrisi akachagua chini kabisa, penye mwamba mzima usio na ufa, juu yake matabaka mazito kuliko ukuta wa kanisa. Akapiga mtaimbo mpaka akatokwa jasho. Bamba likafunguka. Ndani majani yalilaliana, jani juu ya jani, kana kwamba yameanguka chini ya mti wake jana. Kwenye moja ngozi nyembamba nyeusi ikabanduka, upepo ukaichukua mbele ya macho yetu. Patrisi akaruka nyuma isije ikamgusa. Tukatafuta ua, hakuna. Tukatafuta hata unyasi mmoja, hakuna. Ulikuwa msitu mzima umelala pale chini, na sisi miaka yote tumetembea juu yake na watoto wetu.

"Mimi nimezaliwa juu ya mlima huu," shangazi akasema. "Nionyesheni nilikopitia kuingia humo."

Mwenyekiti akavua kofia, akasema, "Turudini." Kesi ikaishia hapo. Mimi, kwa furaha, nikamcheka Patrisi: "Vipi, mchawi umempata?"

Shangazi akanigeukia kwa ukali. "Nyamaza! Mtu mwenye hofu hachekwi. Kesho atatafuta mwingine."

Baadaye alipita dada mmoja mjiolojia, akitafuta makaa ya mawe. Alituambia miti ile ilimea kwenye kinamasi, majani yakaangukia tope, tope likawa jiwe. Ua hatungeliona, kwa sababu duniani hapakuwa bado na ua. Wala nyasi, wala ulezi, wala mahindi. Mimea ilibadilika kidogo kidogo, vizazi juu ya vizazi, ndipo haya tunayolima yakaja. Na mti ule umekufa ukoo wake wote, hakuna pembe ya dunia utakakoukuta. Nilipomsikia niliogopa kuliko siku ya korongoni: kumbe ukoo mzima waweza kufutika duniani.

Shangazi hakuwepo kumsikia. Alikuwa amehamia Matai kwa mwanawe.

"Hamkunifukuza," alituambia akifunga mzigo. "Lakini nimewaona walioshika majembe. Wengine niliwapokea mimi walipozaliwa."

Nililia, mwanangu, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo nikikusikia unasema yule mama wa jirani ana mambo yake, eti lisemwalo lipo, moyo wangu unashtuka. Usilolijua ni usiku wa giza. Basi simama gizani ukiri hujui, usimtwike lawama mtu wa karibu kwa kuwa tu yu karibu. Chimba kwanza, halafu useme, maana ukweli ulimsafisha shangazi na bado haukumrudisha nyumbani.

Mungu akupe subira ya kuuliza. Akupe majirani wasiokuogopa, na uzeeke kwenye ardhi uliyoilima mwenyewe.