Siku Mama aliponiuliza kama uvimbe wa dada yangu bado unaishi maabara

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Haya yalinikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, iliyomo inatosha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipata scholarship ya Ulaya. Kwetu ni Kiriba, Musoma Vijijini. Kazi yangu huko Ulaya ilikuwa kulisha seli maabara.

Seli zenyewe zilitoka kwenye uvimbe wa mtoto mmoja wa huko, marehemu wa siku nyingi. Mtoto hayupo, seli zinaendelea kugawanyika kwenye chupa. Ukizitia dawa ya jamii ya vitamini A, zinaacha kugawanyika, zinatoa nyuzi ndefu na kugeuka mfano wa neva. Sisi tunatazama zinavyogeuka.

Msicheke, watu wanapewa PhD kwa hiyo.

Nikarudi likizo. Maduka ya Mwisenge, pale Musoma mjini, yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, wakati miaka michache nyuma tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Njia nzima tangu Bunda nilikuwa natafuta mfano wa kuwaeleza wazee.

Nikaupata: muhogo. Unakata pingili, unapanda, unakata tena. Shina la kwanza limeshaoza, shamba lipo. Nyumbani nikawaeleza hivyo, nikajiona mwalimu hasa.

Baba mdogo akaniuliza, "Yaani umepanda ndege kwenda kuotesha uvimbe? Si ungebaki, hapa unaotaga wenyewe."

Tukacheka. Mama hakucheka.

Hapa niwaeleze. Dada yangu mdogo, Nyanjiga, alifariki miaka ileile ya majani ya mpapai. Uvimbe tumboni. Hospitali walikata kipande, wakasema kinapelekwa Mwanza kupimwa. Tulimzika majibu hayajaja, na hayakuja.

Mama akauliza taratibu, "Na kile cha Nyanjiga, nacho kiko kwenye chupa?"

Nikadhani anaogopa, kwamba kipande cha mwanae kinazunguka huko bila kuzikwa. Nikamtuliza kisomi.

"Hapana Mama. Vya kupima vinatiwaga dawa, vinakufa hapohapo. Hakuna kilichobaki."

"Mimi nilikuwa nataka kiwepo," akasema. "Ningekutuma ukamwangalie anaendeleaje."

Akainuka, akaenda kuanua nguo.

Nilirudi Ulaya nikamaliza shahada. Ila tangu siku hiyo, kila nikifungua incubator asubuhi, lile kabati la joto zinamokaa chupa, nilikuwa najikuta nauliza kimoyomoyo huyu mtoto wa watu ameamkaje. Jina lake sikulijua, chupa ilikuwa na herufi na namba tu.

Mama naye ametangulia. Hatukulizungumza tena.

Nilichojifunza: kabla hujamtuliza mtu, muulize kwanza anaomba nini. Mimi nilimjibu ukweli mtupu, tena kwa sauti ya upole, nikamuua mtoto ambaye dakika moja kabla alikuwa hai.

Mliopo maabara na mahospitalini, nyie mngemjibuje? Na msiniambie ningedanganya. Mama yangu angejua.