Sperancia wa Igurwa, Aliyekataa Kulishwa

Alizaliwa Igurwa, wilayani Karagwe, mwaka 1957, katika nyumba ya Wakatoliki wakulima wa ndizi na kahawa, akabatizwa Sperancia, yaani tumaini. Tangu utotoni alikuwa mbishi. Hatutalificha hilo, maana Mungu alimtumia kwa ubishi huo huo. Aliolewa Kihanga, akafiwa na mume mapema, akalea watoto huku akifundisha katekisimu.

Kwaresima ya mwaka 2019 kiharusi kilimwangusha shambani. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukagoma. Binti yake Kokuberwa akawa anamlisha, na kila kijiko kilimchoma moyo. Mzee Kashaija, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja kumfariji. "Kubali mapenzi ya Mungu, mama."

"Mapenzi ya Mungu nayafundisha tangu ujana wangu, mzee. Kulishwa uji sijakukuta humo."

Redioni alikuwa amesikia habari za mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemrudisha mgonjwa kwenye kula, kuvaa na kupika kwa mkono wake mwenyewe. Akaanza kumtafuta. Kiruruma walimwelekeza kwa mkandaji. Kyerwa walimwambia watu hao wako mijini mbali. Siku moja, alipokwenda kupima presha katika hospitali ndogo ya mji wao, fundo la kanga alilofungia nauli lilimshinda mbele ya dirisha la mapokezi. Mtu mwingine yeyote angemfungulia. Binti wa mapokezi, Nusra, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, alitoka, akamwamkia shikamoo, kisha akakishika kidole gumba cha mkono wake mgonjwa na kukiweka juu ya fundo.

"Sikufungulii, mama. Tutafungua wote."

Kumbe ndiye aliyekuwa akimtafuta. Nusra alikuwa ameisomea kazi hiyo, ila mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, hakuelewa ni kazi gani, akamweka aandikishe wagonjwa.

Sperancia alikasirika, na hasira yake ilikuwa takatifu. Alidai Nusra apewe chumba. Mfawidhi akauliza, mapokezi atakaa nani?

"Mtafute. Mimi nakaa hapa."

Akakaa kwenye benchi kila siku ya kliniki, akiwaleta na waliofichwa majumbani, watu wazima waliopooza na watoto wa mikono iliyokakamaa, Wakristo kwa Waislamu, hadi njia ikaziba. Ikatolewa stoo ya magodoro, ikawa chumba cha Nusra. Pasaka iliyofuata alimenya ndizi mwenyewe, taratibu, na aliyetaka kumpokea kisu alifukuzwa jikoni.

Alilala katika Bwana mwezi Novemba 2024. Wapo wanaosimulia miujiza ya maombezi yake, nasi hilo tunaliachia Kanisa. Tulichokiona kwa macho yetu ni Mzee Kashaija siku ya maziko yake. Naye kiharusi kilikuwa kimempata, na Sperancia ndiye aliyemburuta hadi kwenye benchi lile, huku mzee bado ana mapenzi ya Mungu mdomoni. Mwana wa mzee alipoinama kumchotea udongo wa kutupa kaburini, mzee alimzuia.

"Acha. Nitachota mwenyewe."

Ilimchukua muda, na padre alisubiri. Basi tumwige mama huyu. Mwenye mgonjwa chumbani amtoe nje, na sala yake aisalie njiani.